Wimbo Usiosikika: Hoja Dhidi ya Uhakiki Uliojitenga na Nadharia ya Muziki

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya fasihi simulizi vinavyotumiwa katika vyuo vyetu, wimbo hupewa sura yake maalumu, na sura hiyo karibu kila mara hufuata njia ile ile. Kwanza hutolewa fasili, na ndani ya fasili hiyo hutajwa kwamba wimbo ni utungo wenye mahadhi, unaoimbwa kwa ala au pasipo ala. Baada ya fasili hiyo, mahadhi hayatajwi tena. Kinachofuata ni orodha: bembelezi, hodiya, wawe, kimai, nyiso, mbolezi, na nyinginezo. Kila aina huelezwa kwa tukio linaloizaa, hupewa mfano wa maneno, na maneno hayo huhakikiwa kwa takriri, sitiari na ujumbe wake, kana kwamba yalitungwa na mshairi aliyeketi mezani na kalamu. Sifa iliyotangulizwa kuwa ndiyo inayoutenga wimbo na tanzu nyingine ndiyo inayotupwa kwanza.

Makala haya yanapinga mazoea hayo. Yanadai kwamba uhakiki wa wimbo usiojali nadharia ya muziki hauna dosari ndogo tu ambayo mtaalamu mwingine atakuja kuiziba siku moja. Huo ni uhakiki wa kitu ambacho si wimbo. Yanadai vilevile kwamba nadharia ya muziki inayouchunguza wimbo wa Kiafrika bila kuijua lugha yake imetenda kosa lile lile kwa upande wa pili. Ukuta uliojengwa kati ya idara ya fasihi na idara ya muziki hautokani na maumbile ya wimbo. Umetokana na mgawanyo wa ofisi, na gharama yake inalipwa na tungo zenyewe.

Bembelezi iliyogeuka wimbo wa taifa

Mfano ulio karibu zaidi na kila msomaji wa Kenya ni wimbo wa taifa. Mwaka 1963, nchi ikijiandaa kupata uhuru, jopo la watu watano lilipewa kazi ya kuutunga: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi waliyoyachukua yalikuwa ya wimbo ambao kina mama wa Kipokomo, katika bonde la Mto Tana, walikuwa wakiwabembelezea watoto. Maneno mapya yaliandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mahadhi yakapangwa kwa upatanifu wa sauti na kwa bendi.

Sasa mhakiki atumie uainishaji wake wa kawaida. Muktadha wa bembelezi ni kitanda cha mtoto. Muktadha wa wimbo wa taifa ni uwanja wa gwaride. Mwimbaji wa kwanza ni mama mmoja, wa pili ni umma. Dhamira ya wimbo wa kwanza ni usingizi, ya wimbo wa pili ni uzalendo. Lugha si moja. Maneno si yale yale. Hata mwendo wa uimbaji si mmoja. Kwa vigezo vyote ambavyo mwanafunzi hufundishwa kuvitumia, tungo hizi mbili hazina uhusiano wowote. Lakini sikio la mtu asiyesoma hata darasa moja, akiimbiwa moja baada ya nyingine, hutambua udugu wao. Kilichovuka kutoka kwa mama wa Kipokomo hadi kwenye mlingoti wa bendera ni kile kimoja tu ambacho uhakiki wetu hauna jina la kukiita. Kigezo kinachoshindwa kuuona uhusiano unaosikika na mtu yeyote hakiwezi kuitwa cha kisayansi, hata kikirudiwa katika vitabu kumi.

Zaidi ya hayo, kazi ya jopo hilo ilikuwa pia kazi ya kishairi, na ya ugumu wa pekee. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mtunzi anayepachika maneno ya Kiswahili katika mahadhi yaliyokuwapo hana budi kuhakikisha kwamba pigo zito la muziki linaiangukia silabi hiyo. La sivyo neno linapinda mdomoni na maana inatetereka. Hili ni suala la arudhi, yaani suala la fasihi, lakini haliwezi hata kuulizwa na mtu asiyejua pigo zito liko wapi. Hyslop mwenyewe anafahamika kwa wanafunzi wa tamthilia kama mwandishi wa Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zilizochapishwa mwaka 1957. Kwa wanamuziki anafahamika kwa mwongozo wake wa walimu wa kwaya na kitabu chake kuhusu ala za Afrika Mashariki. Idara moja humsoma nusu, na nyingine humsoma nusu iliyobaki. Mtu mmoja amegawanywa kama mirathi, na hakuna anayeshangaa.

Salama na suala la toni

Hali huwa mbaya zaidi mtafiti anapotoka kwenye lugha ya mkazo na kuingia kwenye lugha ya toni. Mfano mzuri ni Salama, mji mdogo wa Kaunti ya Makueni ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, kabla ya kufika Sultan Hamud. Jina lake ni la Kiswahili, wenyeji wake ni Wakamba, na wanaopita na kupumzika pale ni wasemaji wa kila lugha. Ni mahali ambapo mwanafunzi wa uzamili anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu wimbo na jamii. Anaweza kukutana na kumbukumbu za kilumi, ngoma inayohusishwa na uaguzi, tiba na maombi ya mvua, ambamo wanawake wazee ndio nguzo. Atasikia nyimbo za kanisani. Atasikia benga ya Kikamba ikitoka madukani na kwenye magari.

Je, atarudi na nini? Kwa mwongozo anaopewa sasa, atarudi na maneno ya Kikamba yaliyoandikwa kwa othografia isiyoonyesha toni, na mkabala wake tafsiri ya Kiswahili. Kikamba ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, kama konsonanti na irabu zilivyo. Kwa hiyo kilichoandikwa ni neno lililopunguzwa. Kisha tafsiri inalipeleka katika Kiswahili, lugha isiyotofautisha maneno kwa toni. Hadi kufikia meza ya msimamizi, utungo umevuliwa sauti mara tatu: mahadhi yameachwa, toni imefutwa, lugha imebadilishwa. Mabaki hayo ndiyo yanayohakikiwa, na shahada hutolewa.

Hasara yake inaonekana katika kila aina ya wimbo iliyotajwa. Katika kilumi maneno huweza kuwa machache na kurudiwa kwa muda mrefu. Mhakiki wa maneno anaandika "takriri", anaongeza kwamba takriri hutia msisitizo, na anafunga daftari. Swali la nini kinatendeka katika ngoma wakati maneno yanarudi, na kwa nini kurudi huko kunampandisha mtu pepo badala ya kumchosha, haliulizwi. Lakini hilo ndilo swali la fani. Mengine yote ni maelezo ya pembeni.

Nyimbo za kanisani zinaleta tatizo lililo wazi zaidi. Misheni ya African Inland ilianzisha kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni hii hii, mwaka 1895. Ukristo ulifika Ukambani, kama ulivyofika kwingi barani, na nyimbo zenye beti nyingi zinazoimbwa kwa mahadhi yale yale kila ubeti. Katika Kijerumani au Kiingereza mpango huo hauleti taabu kubwa. Katika lugha ya toni ni mtego: toni za ubeti wa kwanza si za ubeti wa pili, lakini mahadhi hayabadiliki, hivyo maneno yanalazimishwa kupanda palipopaswa kushuka. Padri Stephen Mbunga wa Tanzania aliliangalia suala la muziki wa Kibantu ndani ya sheria za Kanisa katika kitabu alichokitoa mwaka 1963. Wanafasihi wangapi wamemsoma? Mgongano wa umbo la ubeti na toni ya neno ni mada ya fasihi kwa kila kipimo, kwani unahusu umbo, lugha na maana kwa pamoja. Umeachwa bila mwenyewe kwa sababu upo mpakani.

Kuhusu benga, Kakai Kilonzo, aliyeongoza kundi la Kilimambogo Brothers na kufariki mwaka 1987, aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia. Katika benga gitaa la kuongoza halifuati nyuma tu. Mara nyingi huchukua mstari wa mwimbaji na kuuendeleza. Hapa pana maabara iliyo tayari: msanii yule yule, gitaa lile lile, lugha moja ya toni na nyingine ya mkazo. Je, mahadhi yake hubadilikaje anapohama lugha? Je, gitaa linalorudia mstari wa Kikamba humkumbusha msikilizaji maneno kwa namna ambayo gitaa la wimbo wa Kiswahili haliwezi? Haya ni maswali ya uhakiki wa mtindo. Badala yake, tahini baada ya tahini huuliza kuhusu "dhamira ya mapenzi" na "taswira ya mwanamke", maswali mema yanayoweza kuulizwa pia kuhusu barua au tangazo la gazeti.

Kisingizio cha umaalumu

Utetezi wa kwanza wa mazoea haya unajulikana: mhakiki wa fasihi si mwanamuziki, na kila fani ina wataalamu wake. Utetezi huu hausimami mbele ya historia ya uhakiki wa Kiswahili wenyewe. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri ya mwaka 1954, aliufungamanisha ushairi na uimbaji, na mjadala mkali uliozuka baada ya mashairi huru kutokea, hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, ulikuwa kwa kiasi kikubwa mjadala kuhusu kuimbika. Ibrahim Noor Shariff aliurudia uhusiano huo katika Tungo Zetu mwaka 1988. Watu walitukanana kwa miaka mingi juu ya kuimbika bila mtu kupima ni nini kinachofanya utungo uimbike. Anayehesabu mizani nane kwa nane na kuangalia vina vya kati na vya mwisho tayari anafanya nadharia ya muziki. Tofauti ni kwamba anaishia kwenye kuhesabu.

Hali ni hiyo hiyo katika taarabu. Wasifu wa Siti binti Saad alioandika Shaaban Robert husomwa na kutajwa katika kila kozi ya wasifu. Siti alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na santuri hizo ni sehemu ya historia ya sanaa ya Kiswahili sawa na kitabu hicho. Ni ajabu kwamba mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa amesoma sifa za sauti ambayo hakutakiwa kuisikia hata mara moja.

Utetezi wa pili una ladha ya kizalendo: eti nadharia ya muziki ni ya Kimagharibi, na kuitumia ni kuutia wimbo wa Kiafrika katika pingu za kigeni. Hoja hii ina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba Afrika Mashariki haikuwa na nadharia. Katika amadinda, marimba ya Buganda yenye pao kumi na mbili, kila mpigaji ana jina la kazi yake: omunazi huanza, omwawuzi huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, na omukoonezi hutoa sauti mbili za juu zinazojitokeza kutokana na mchanganyiko huo. Hiyo ni nadharia yenye istilahi na mgawanyo wa majukumu. Joseph Kyagambiddwa aliiandikia kitabu mwaka 1955. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka, alimfundisha Gerhard Kubik wa Austria, ambaye mwaka 1962 alichapisha maelezo yake kuhusu mapigo yanayosikika masikioni ingawa hakuna mpigaji mmoja anayeyapiga. La muhimu zaidi kwa mwanafasihi ni kwamba muziki huo wa ala umetokana na nyimbo zenye maneno, na msikilizaji ajuaye Kiganda husikia maneno katika miti. Kasri la Kabaka liliposhambuliwa mwaka 1966 na falme kufutwa mwaka 1967, vikundi vya kasri vilitawanyika. Kilichosalia kilisalia kwa sababu kulikuwa na walimu waliofundisha na watu walioandika sauti, wala si maneno peke yake.

Kosa la pili ni kutoijua hiyo Magharibi inayoogopwa. Utunzi wa Ulaya katika karne ya ishirini ulijengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliokataa kutenganisha sauti na lugha. Leoš Janáček alitembea na daftari akinukuu mpando na mshuko wa mazungumzo ya watu wa Moravia, na mazoea hayo yakaingia katika opera zake. Jenůfa ilionyeshwa Brno mwaka 1904. Béla Bartók na Zoltán Kodály walikwenda vijijini na mashine ya kunasia sauti, na katika uainishaji wa Bartók nyimbo zinazofuata mwendo wa usemaji zilitengwa na zile zinazofuata mwendo wa ngoma. Mwaka 1912 Arnold Schoenberg alitunga Pierrot lunaire kwa sauti iliyo kati ya kusema na kuimba. Kwa hiyo anayesema kwamba kuchunguza maneno pamoja na mahadhi ni kuiga Ulaya, na anayesema kwamba kuyatenga ni kufuata viwango vya kimataifa, wote wawili wamekosea. Utengano huu si wa Ulaya wala si wa Afrika. Ni wa ratiba za vipindi.

Deni la wanamuziki

Haitakuwa haki kuwalaumu wanafasihi peke yao. Utafiti wa muziki wa Afrika umekuwa na ulevi wake, na ulevi huo ni mapigo. Tangu A. M. Jones alipochapisha Studies in African Music mwaka 1959, sifa kuu ya Mwafrika katika vitabu vya nadharia imekuwa ni uwezo wa kupiga mapigo matatu juu ya mawili. Steve Reich alikwenda Ghana mwaka 1970, na utunzi wake wa Drumming ukafuata. György Ligeti, aliyezaliwa katika mapokeo ya Bartók, alivutiwa katika miaka ya 1980 na utafiti wa Simha Arom kuhusu Afrika ya Kati, na etidi zake za piano zilizoanza kutoka mwaka 1985 zina alama za mvuto huo. Kilichowavutia hawa ni muundo. Maneno yalibaki nyuma. Mtunzi ana ruhusa hiyo, kwa sababu anatengeneza kitu chake. Mtafiti hana, kwa sababu anadai kueleza kitu cha wenzake.

Kofi Agawu wa Ghana amelisema hili kwa ukali zaidi kuliko yeyote. Katika African Rhythm cha mwaka 1995 alianza uchambuzi wa muziki wa Waewe wa kaskazini kwa lugha yao inavyosemwa, na katika Representing African Music cha mwaka 2003 aliishambulia picha ya Afrika kama bara la ngoma ngumu zisizo na neno. Hoja yake ingepaswa kusomwa katika kila idara ya fasihi ya Afrika Mashariki, kwani inawaita wanafasihi nyumbani kwao. Mahali anapotaka nadharia ya muziki ianzie, yaani katika silabi, toni na mkazo, ndipo mahali ambapo mwanaisimu na mhakiki wana ujuzi ambao mwanamuziki hana.

Kosa hilo hilo limo katika mazoea ya kupanga nyimbo za kienyeji kwa sauti nne kwa ajili ya mashindano ya kwaya. Mpangaji huchukua wimbo wa Kikamba, huupa besi na teno zake, na kila sauti hutembea njia yake. Majaji hutoa alama kwa usafi wa sauti na upatanifu. Ni mara chache kuuliza kama besi, inaposhuka wakati neno linapanda, bado inalisema neno hilo. Swali hilo lingemhitaji mtu wa lugha kwenye meza ya majaji, na mtu wa lugha yuko katika jengo jingine akiandika kuhusu takriri.

Hitimisho

Madai ya makala haya hayahitaji fedha nyingi wala idara mpya. Tasnifu yoyote inayochukua wimbo kuwa data iwasilishwe pamoja na sauti iliyorekodiwa, na sauti hiyo iwekwe katika maktaba mahali inapoweza kusikilizwa na mtahini. Maneno ya lugha ya toni yaandikwe na toni zake. Walau ubeti mmoja wa kila wimbo unaohakikiwa uonyeshe mpando na mshuko wa mahadhi yake sambamba na maneno, hata kwa noti za do-re-mi ambazo waimbaji wengi wa kwaya za vijijini wanazijua tayari kuliko walimu wao wa chuo kikuu. Msimamizi wa pili atoke upande wa muziki, na tasnifu za muziki zinazochunguza nyimbo zipate msimamizi wa pili kutoka upande wa lugha.

Atakayeona masharti haya ni mazito aeleze kwa hoja ni kitu gani alichokihakiki alipohakiki "wimbo". Wazee wa Ukambani wanaojua mbathi za zamani hawangoji vikao vya seneti viamue mpaka wa idara. Kila anayekwenda Salama na kurudi na maneno matupu anaziba nafasi ya mtu ambaye angerudi na wimbo, na huenda asiwepo wa kumwimbia atakayemfuata.